Kibali cha ujenzi Mtwara: nijaze mwenyewe, nimpe mchoraji, au nipitie kwa "mtu wa ndani"?

MlaMing'oko:
Wadau, habari za jioni. Nina kiwanja Mangamba, kimepimwa, bikoni zote zipo. Nataka nyumba ya vyumba vitatu na fremu mbili za biashara kwa mbele, msingi utoke kabla mvua hazijachanganya. Njia nilizopewa ni tatu. Nijaze maombi mwenyewe kwenye TAUSI, ule mfumo wa mtandaoni wa halmashauri (ramani nimeshainunua WhatsApp, elfu arobaini). Au nimpe mchoraji anichoree na kufuatilia, anataka laki nne. Au kuna jamaa anasema nimpe laki mbili, kibali natiliwa mkononi baada ya siku tatu, ila nisiulize kimetokaje. Waliopitia, ipi nafuu?

Fundi wa Ligula:
Hiyo ya tatu ifute kabisa. Kibali cha kishoka ni karatasi yenye muhuri, basi. Siku mkaguzi wa majengo akifika saiti na namba haipo kwenye kumbukumbu, ukuta unapigwa X nyekundu na jamaa simu hapokei. Nimeona, na mimi ndiye niliyekuwa nimejenga huo ukuta.

Mama Naliendele:
Mimi nilijaza mwenyewe mwaka jana. Kujiandikisha si kazi, namba ya NIDA tu na simu yako. Unapandisha hati au barua ya toleo (ile ya kumilikishwa kiwanja), risiti ya kodi ya ardhi, na michoro. Ukishakadiriwa ada unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Hakuna wa kumpa chochote mkononi.

Kilichonichelewesha ni kodi ya ardhi. Miaka mitatu sikuwa nimelipa, nilidhani mpaka nijenge ndipo inaanza kuhesabiwa. Haikuwa hivyo, nililipa na malimbikizo. Mwanangu, kaangalie deni lako leo hii.

Binti Rasbura:
Niko Lindi, nilimpa mchoraji, na sijutii hela yangu. Ramani ya WhatsApp inachora nyumba, haichori kiwanja. Mamlaka wanataka kuona nyumba imekaa wapi ndani ya mipaka: namba ya kiwanja, umbali wa ukuta kutoka kila mpaka, barabara iko upande gani, choo na shimo la maji taka vitakaa wapi. Afisa afya analitazama hilo shimo kuliko sebule yako. Halafu kiwanja changu kina mteremko, mchoraji alikuja na kamba, akageuza nyumba nzima ili maji ya mvua yasiingie mlango wa mbele. Elfu arobaini isingenifanyia hivyo.

Ila hakikisha michoro inagongwa muhuri na mtaalamu aliyesajiliwa. Wapo wanaojua kompyuta tu.

Kangomba Mstaafu:
Mnahangaika na vibali, kwetu watu wamejenga mtaa mzima bila karatasi na wanalala.

Binti Rasbura:
Mtaa ambao haujapimwa una mambo yake. Huyu ana kiwanja cha mpango mji, bikoni zipo, kila mtu anajua pale panatakiwa kujengwa nini.

Mzee wa Shangani:
Kijana, mnabishana njia kabla ya kuuliza mzigo. Nina maswali mawili. Hati ina jina la nani? Na imeandikwa matumizi gani?

MlaMing'oko:
Shikamoo mzee. Matumizi imeandikwa makazi. Jina… kiwanja nimeuziwa na mjomba. Tuliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wanne.

Mzee wa Shangani:
Marahaba. Basi hapo ndipo penye kazi. Karatasi ya mwenyekiti inathibitisha mliuziana, haikuhamishii milki. Ukiingiza NIDA yako na hati ya mjomba, majina hayaoani, ombi linarudi, uwe umejaza wewe au mchoraji wa laki nne. Anza na uhamisho ofisi ya ardhi.

Na hizo fremu: kiwanja cha makazi hakiwekwi maduka kwa sababu tu barabara iko karibu. Ama uombe kubadili matumizi yawe makazi na biashara, na hilo lina mchakato wake kabla ya kibali, ama uzitoe kwenye mchoro. Mimi ningezitoa kwanza, nipate pa kulala. Hela ya ada usilipe mpaka haya mawili yakae sawa.

Fundi wa Ligula:
Mzee kamaliza. Na kibali kikitoka usikifungie kabatini. Kina muda wa kuanza ujenzi, miezi sita, ukilaza unarudi kuomba tena. Kwa hiyo usiombe kama hela ya msingi huna.

Mama Naliendele:
Na nakala ikae saiti, si nyumbani. Mkaguzi haji kwa miadi.

MlaMing'oko:
Nimeelewa. Fremu nazitoa, na ramani nitampelekea mchoraji airekebishe kwa vipimo vya kiwanja, akiniambia bei ya kuchora tu, kujaza nitajaza mwenyewe. Shida ni mjomba. Yuko Tandahimba, na msimu huu hashikiki mpaka minada ya korosho iishe.

Mzee wa Shangani:
Panda gari umfuate. Nenda na fomu za uhamisho mkononi, na picha zake za pasipoti apige hukohuko. Usimwachie akuletee.

Kangomba Mstaafu:
Na mfikie baada ya malipo ya mnada kuingia. Kabla ya hapo hata salamu hapokei.