Sarafu ya dhahabu ya Roma yenye mungu wa kike: ya Caesar, ya Faustina au solidus?

Mgeni_wa_Sarafu: Wakuu, akiba yangu inatosha sarafu moja tu, na sharti langu iwe na mungu wa kike. Nimebaki na tatu: ya Julius Caesar ya mwaka 46 KK, aureus (sarafu ya dhahabu ya Roma ya zamani) ya Faustina Mkubwa yenye Ceres, mungu wa nafaka, na solidus (sarafu ya dhahabu iliyokuja baada ya aureus) ya mfalme Theodosius II yenye Victoria, mungu wa ushindi. Ipi?

Sonara_Mstaafu: Ya Caesar ina gramu 8 hivi. Baadaye mfalme Nero akaipunguza aureus, ratili ya Kirumi ikatoa sarafu 45, ndiyo maana ya Faustina ina kama 7.3. Solidus ni 4.5 tu. Dhahabu yote karibu safi. Ila kama shida yako ni uzito, kanunue bangili.

Da_Mwema: Ya Caesar niliiacha. Yule mwanamke mwenye ushungi hana jina, wataalamu wanabishana ni mungu wa kike Vesta au Pietas. Pesa yote hiyo halafu humjui unayemleta nyumbani? Chukua Faustina. Alipofariki mwaka 140 BK, mumewe, mfalme Antoninus Pius, alimtangaza mungu na kumpigia sarafu chungu nzima, kwa hiyo bado zinapatikana. Tazama nywele: zimesukwa, zikaviringwa utosini kama kata ya kubebea mtungi. Geuza, Ceres kasimama na mwenge mkononi. Sisi tuliokua tukirusha shilingi, hiyo ndiyo kichwa au mwenge yenyewe!

Kobe_Mpole: Jamani, na solidus je? Bei yake ndiyo ya watu wa kawaida.

Da_Mwema: Bei sawa. Lakini Victoria wa Theodosius kashika msalaba mrefu! Mabawa anayo, uungu sina hakika. Baadaye, chini ya mfalme Justin wa Kwanza, wakamgeuza malaika wa kiume kabisa.

Kobe_Mpole: 😂 Basi nimenyamaza.

Mgeni_wa_Sarafu: Faustina basi. Kuna moja ina bei nzuri, ila ukingo umesuguliwa kidogo juu ya kichwa.

Sonara_Mstaafu: Hapo palichomelewa kipete, mtu aliivaa kama kidani. Si kosa, ila bei ishuke, bana hapo hapo. Kisha chukua kioo cha kukuzia uuzungushe ukingo wote. Zile ziligongwa kwa nyundo. Ukiona mshono umeizunguka, imemiminwa kwenye kalibu juzi juzi. Mrudishie.