Babu askari wa ngome ya Lamu: tuanze na hati au DNA?

Bint Mkomani: Assalamu alaykum. Babu wa babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa Seyyid, yaani Sultani wa Zanzibar, katika ngome ya Lamu. Baadhi ya wazee wanasema alikuwa Mbalushi, mtu wa Baluchistan, wengine wanashikilia kwamba alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut. Tunao msahafu ambao ukurasa wake wa mwisho umeandikwa, kwa wino uliogeuka hudhurungi, kuzaliwa kwa mwanawe mwaka 1285 Hijria. Fedha zangu zinatosha jambo moja tu: kipimo cha DNA cha jumla, kinachoonyesha asili zangu zote kwa pamoja, kipimo cha ukoo wa kiume, au safari ya Nyaraka za Zanzibar. Nichague lipi?

Mzee wa Langoni: Waalaykum salaam, mwanangu. Mwaka 1285 ulianza Aprili 1868, wakati wa Seyyid Majid, kwa hiyo huenda askari huyo aliingia kazini zama zake au mwishoni mwa zama za Seyyid Said, aliyefariki 1856. Kabla ya Zanzibar, tafuteni hati za nyumba, za wakfu na za mirathi zilizobaki makashani. Wengi husoma jina la mnunuzi wakaishia hapo, ilhali mimi hutazama kwanza mashahidi, kwa sababu mgeni mara nyingi hushuhudiwa na wenzake, na nisba zao, yaani majina ya kabila au asili, zikiwa za al-Balushi zote, hilo lina uzito.

Mwana wa Shela: Kipimo cha jumla usikinunue, dada. Kwa babu wa babu unabeba wastani wa asilimia 6.25 tu, na asili ya Asia ilikuwapo kwetu karne nyingi kabla ya ngome kukamilika mwaka 1821. Utafiti uliochapishwa 2023 kuhusu mabaki ya watu 80, wakiwemo wa Manda na Faza, ulionyesha kwamba wengi walikuwa na nasaba ya Kiajemi upande wa kiume. Kwa hiyo matokeo ya namna hiyo hayatakutambulisha askari wako. Kromosomu ya Y, ambayo ndiyo husomwa na kipimo cha ukoo wa kiume, hupita kwa baba na mwana tu, nawe huna, lakini mjomba wako, mtoto wa babu yako, anayo. Upungufu wake ni kwamba hifadhi za DNA za kulinganishia zimejaa Wazungu, na Wabalushi ni wachache humo.

Msoma Khati: Naafikiana nanyi, ila nisba nayo haitoshi peke yake. Watumwa walioachwa huru walichukua mara nyingi nisba za mabwana zao, kwa hiyo hati inaweza kusema al-Balushi na Y ikasema vingine. Mjomba aelezwe hilo waziwazi kabla hajasugua pamba shavuni, na aridhie mwenyewe, kwani jibu litawagusa wanawe na wajukuu wake pia.

Bint Mkomani: Ahsanteni sana. Hati ya nyumba iko kwa mama mkubwa, Faza. Nitaiomba kwanza, niwaandikie hapa majina ya mashahidi jinsi yalivyo, na fedha za kipimo nitaziweka mpaka nizungumze na mjomba.