Naombeni ushauri: tezi dume ya mzee, upasuaji wa roboti wa maji

Wakuu habari zenu, mzee wangu ana miaka 71, tezi dume imevimba, ultrasaundi inaonyesha gramu 92, kipimo cha nyama kimetoka hamna kansa tunashukuru Mungu. Dawa ya tezi dume, tamsulosini, ametumia mwaka mzima, mwezi uliopita mkojo ukagoma kabisa usiku, sasa hivi anatembea na mpira wa kutolea mkojo, mfuko anauficha chini ya kanzu na msikitini haendi tena, inaniuma sana.

Dokta anasema akwanguliwe kwa kupitia njia ya mkojo. Ila braza yupo Marekani kaniambia kuna ile Aquablation, kule iliruhusiwa 2017, daktari anachora kwenye skrini ya ultrasaundi sehemu ya kukata, halafu roboti inakata kwa maji ya presha bila moto, na nguvu za kutoa mbegu mara nyingi zinabaki (mzee kaliuliza hili mwenyewe, kwa sauti ya chini).

Kuna aliyefanyiwa au kumpeleka mgonjwa, India au popote? Gharama ilifikaje, damu ilitoka sana? Anameza pia aspirini ya moyo, ile ya kuzuia damu kuganda, hapo ndo naogopa.