Naomba ushauri: nimekwama kwenye insha ya ubikira katika fasihi

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Naandika insha kuhusu jinsi fasihi ilivyoutazama ubikira na usafi wa mwanamke, na hoja yangu imeanza kunivunjikia mkononi.

Nilitaka kuonyesha kwamba "usafi" ulihama polepole kutoka mwilini kwenda kwenye nia. Nikaanza na Pamela, riwaya ya Mwingereza Samuel Richardson (1740): mtumishi anamkatalia bwana wake mpaka mwisho, na tuzo yake ni kuolewa na bwana huyohuyo! Kisha Tess, wa riwaya ya Mwingereza Thomas Hardy (1891). Huyu ameshazaa, mumewe anamwacha kwa kosa ambalo hata yeye mume analo, lakini mwandishi anamwita "mwanamke safi" tangu kwenye jina la kitabu.

Shida ni Lucretia wa Roma. Kwa Livy, mwanahistoria wa Kirumi, baada ya Lucretia kubakwa, jamaa zake wanamwambia kabisa kwamba inayotenda dhambi ni akili, si mwili. Hata hivyo anajiua. Kumbe wazo la nia lilikuwapo karne nyingi kabla!

Nimejaribu kupanga upya kwa karne, ikawa orodha kavu. Nikaongeza tamko la WHO (Shirika la Afya Duniani) la 2018 linalopinga uchunguzi wa ubikira, msimamizi akasema nimerukia udaktari.

Je, Lucretia anaivunja hoja yangu, au nimtumie kuonyesha kwamba jamii ilijua na bado ikadai mwili? Na tamko hilo niliache au nilitie kwenye utangulizi?