Mliotumia homoni baada ya kukoma hedhi, moyo na presha vilikwendaje? Tupeane uzoefu

Wanawake wenzangu, naanza mimi. Nina miaka 52, hedhi ilikoma mwaka juzi. Joto la usiku lilinitesa, kanga ya kufutia jasho nalala nayo mkononi. Nilimfuata daktari aniandikie homoni, akanipima presha kwanza: 158 kwa 96! Akasema tuishushe hii kabla ya yote. Nilichukia, maana nilichotaka ni usingizi tu. Leo namwombea dua. Presha ilipotulia akanipa kibandiko cha estrojeni, nabandika chini ya kitovu, na kidonge cha projesteroni usiku kwa kuwa kizazi bado ninacho. Alisema dawa ya kwenye ngozi haipiti kwanza kwenye ini kama kidonge, hivyo hatari ya damu kuganda ni ndogo. Akasisitiza: hii ni ya joto na usingizi, si kinga ya moyo.

Mama Pacha: Mimi naishi Marekani. Julai 2002 nilikuwa kwenye vidonge, habari zikatoka kwamba utafiti mkubwa wa afya ya wanawake wa huku Marekani, uitwao WHI, wa wanawake 16,608 umesimamishwa, kwa sababu waliopewa homoni mbili pamoja waliongezeka saratani ya matiti, kiharusi na shambulio la moyo. Nilivitupa siku ileile, nikateseka miaka minne. Baadaye sana ndipo daktari akanifafanulia kuwa wastani wa umri wao ulikuwa miaka 63, na wengi walishakoma hedhi zamani. Mimi nilikuwa na 50. Kuanza mapema, kabla ya 60 au ndani ya miaka kumi tangu hedhi ikome, ni hesabu nyingine kabisa. Hilo nalo tungeambiwa!

Shangazi wa Tanga: Mimi nilikataliwa homoni kwa kuwa nilishapata shambulio la moyo, na walikuwa sahihi. Nilianza kwa kuchoka, kupanda ngazi nne nahema, taya linauma na mgongo katikati ya mabega. Kifua hakikuniuma hata kidogo. Zahanati ya kwanza waliniambia ni mambo ya ukomo wa hedhi, nikarudi na panadol. Siku ya tatu binti yangu akanipeleka hospitali kubwa, kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha shambulio. Jamani, taya!

Pole sana shangazi. Na hilo joto la usiku, walikupa nini badala ya homoni?