Kufuli za blutuuthi kwenye nyumba za wageni Lamu: tuzikubali au tuzikatae?

FundiLangoni
Assalamu alaikum wenzangu. Baadhi ya nyumba za wageni Mkomani na Shela zimeacha funguo. Mgeni anatumiwa ruhusa kwenye simu, akifika mlangoni kufuli linafunguka kwa blutuuthi. Mimi nasema kufuli hizi zisiwekwe milangoni kabla hatujajua zimetengenezwaje. Nimesimama ndiani (njiani) na programu ya bure ya kuskani, kufuli likajitokeza kwenye kioo cha simu: jina lake, nguvu ya mawimbi, na anwani yake yote ya blutuuthi, yaani namba ya kukitambulisha kifaa, herufi na tarakimu 12. Sikuligusa. Nimepita tena siku nyingine, anwani ni ile ile, na nusu yake ya kwanza inamtaja mtengenezaji. Kifaa kilichotengenezwa vizuri hubadilisha anwani kila baada ya muda, mara nyingi dakika 15, na simu iliyokwisha kuunganishwa nacho ndiyo yenye ufunguo wa kukitambua. Mnaonaje?

MwenyeWageni_Shela
Fundi, kwa heshima yako, wewe ndiye unayezunguka milangoni mwa watu na simu mkononi, halafu mwenye makosa ni kufuli? Wageni wangu wamezamisha funguo gatini mpaka nimechoka. Asiye na la kuficha hana haja ya anwani ya kubadilika.

BintiMkomani
Hilo la "asiye na la kuficha" usilitamke Lamu, kaka. Nyumba zetu za mawe zina daka, yaani kibaraza cha mlangoni, halafu tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na njia inapindwa makusudi ili mlango ukiwa wazi mpita njia asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Wazee walijenga sitara kwa chokaa na mawe ya matumbawe. Walikuwa wezi?
Na mimi linaloniuma ni jingine kabisa. Kuna mlango wa nakshi nimeuona umetobolewa katikati ili kutia hicho kitasa. Mbao ya mbambakofi ya miaka na miaka! Mji huu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001.

Kompyuta_Malindi
Naomba kusema kitu. Fundi, kufuli halitembei. Anwani yake ibadilike isibadilike, kila mtu anajua liko wapi. Anwani ya kubadilika inamlinda anayetembea: saa ya mkononi, kidude cha kutafutia begi, simu. Hapo ndipo mtu anaweza kufuatwa kutoka gatini hadi chumbani. Kwa kufuli, swali ni namna linavyounganishwa na simu. Blutuuthi 4.2 ilipotoka 2014 ilileta njia mpya ambapo kila upande una ufunguo wake wa siri (namba ndefu, si chuma) usiopita hewani. Kabla ya hapo, aliyesikiliza wakati wa kuunganisha kwa kubonyeza tu aliweza kuupata ufunguo. Halafu kuna ile kasoro ya 2019, ufunguo unapunguzwa hadi baiti moja, mfupi wa kubahatishwa, hiyo ndiyo ya kuogopa.

MwenyeWageni_Shela
Binti, mlango ni wangu. Nimeununua pamoja na nyumba.

BintiMkomani
Umeununua kwa nani? Na utamuuzia nani? Nusu ya mtaa wetu madirisha yanafunguliwa msimu wa wageni tu.

MwenyeWageni_Shela
Aliyeuza si mimi. Waulizeni ndugu zenu waliogombania mirathi mpaka wakauza. Mimi nimezaliwa hapa, nimeajiri vijana wa hapa, na paa nililolikuta limeanguka nimelisimamisha.

Nahodha_Matondoni
Hapo Binti amesema kweli na bwana naye amesema kweli. Nyumba ya marehemu mjomba iliuzwa hivyo hivyo. Warithi wengi, boriti zimeoza, fundi wa chokaa anataka pesa ambayo hakuna mwenye nayo. Ungefanyaje?

BintiMkomani
Ningekodisha, mzee wangu. Nisingeuza.

FundiLangoni
Jamani, turudi kwenye kufuli. Kijana wa Malindi, ile ya 2019 inaitwa KNOB, na ni ya blutuuthi ya kawaida, ya spika na vipokea sauti. Kufuli hizi hutumia ile ya nishati ndogo. Kwetu inayohusu ni ya 2022: watafiti wa NCC Group, kampuni ya usalama wa kompyuta, walipitisha mawimbi kutoka simu iliyo mbali hadi gari la Tesla na kufuli za nyumba, zikafunguka, bila kuvunja usimbaji (ufichaji wa mawasiliano) wowote. Dawa ni kuzima ule ufunguaji wa kukaribia tu, mgeni alazimike kubonyeza.
Na kumbukumbu je? Kufuli linaandika nani kaingia saa ngapi. Hizo ni taarifa za mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamhusu mwenye nyumba.

Kompyuta_Malindi
Sawa kuhusu KNOB. Niongeze tu kwamba kampuni nyingine huweka usimbaji wao juu ya ule wa blutuuthi, kwa hiyo kuona kufuli linaunganishwa bila namba hakutoshi kulihukumu.

MwenyeWageni_Shela
Fundi, sikukusudia kukutukana. Niulize nini nikienda dukani?

FundiLangoni
Hamna ubaya, ndugu yangu. Uliza kama linatumia muunganisho salama wa 4.2 au zaidi. Chagua lenye vitufe, liombe namba ya tarakimu sita wakati wa kuunganisha, ili mtu asijipenyeze katikati ya simu na kufuli. Uliza kama programu yake ndani inapata masasisho bado. Na libaki na tundu la ufunguo wa chuma. Nimefungua moja lililokaa upande wa bahari: vyuma vya betri vimeota kutu ya kijani kwa chumvi, mgeni amelala kwenye baraza.

SeremalaLangoni
Nimesoma yote kimya. Kufuli linaweza kufungwa kwenye ubao wa pembeni bila kugusa nakshi, nimeshafanya. Ule mlango anaosema Binti naujua. Tundu nitaliziba kwa mbambakofi, lakini nakshi iliyokatwa lazima ichongwe upya.

BintiMkomani
Kama unaujua, mwambie mwenyewe ajitokeze hapa. Nani alimpa ruhusa ya kuutoboa?