Tupeane uzoefu: kokteli za kuandaa mapema kabla ya wageni wa chakula cha jioni

Jioni Njema (mtoa mada)
Ndugu zangu, mwenyeji anayetaka kila mgeni aanze na kokteli mara nyingi huishia kusimama na barafu na chujio ilhali wenzake wamekwisha kuketi. Naomba wale mnaochanganya mapema mtueleze mnaandaa nini, mnakihifadhi vipi, na kipi hakifai kabisa kutangulizwa.

Naanza na Negroni, ambayo ni jini (pombe kali, gin), Campari (pombe chungu nyekundu ya Kiitaliano) na vemuthi nyekundu (divai iliyotiwa viungo) kwa vipimo sawa, mililita 30 za kila kimoja kwa glasi. Kwa watu 8 ni mililita 240 mara tatu, yaani 720. Kinachosahauliwa na wengi ni maji. Kokteli inapokorogwa na barafu, sehemu ya barafu huyeyuka, na maji hayo ni sehemu halali ya kinywaji. Yakikosekana, pombe huunguza koo na utamu hulemea. Kwa hiyo huongeza mililita 150 hadi 180 za maji safi, na jumla inakaribia 900, kiasi ambacho hakiingii kwenye chupa ya mililita 750, hivyo tafuteni ya lita moja. Chupa hulala kwenye jokofu tangu usiku uliotangulia. Wageni wakifika, kazi iliyobaki ni kumimina juu ya barafu na kuweka kipande cha ganda la chungwa.

Mzani wa Jikoni
Naunga mkono hoja ya maji, ila mimi sipendi kuyakisia. Huchanganya glasi moja ya majaribio bila barafu, nikaipima kwa gramu kwenye mzani wa jikoni, kisha nikaikoroga na barafu kwa muda niliouzoea, nikaichuja na kuipima tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo maji yaliyotoka kwenye barafu, na kwa kuwa gramu moja ya maji ni sawa na mililita moja, kinachobaki ni kuzidisha kwa idadi ya wageni. Kokteli ya kutikiswa hupata maji mengi kuliko ya kukorogwa, kwa hiyo kipimo cha moja kisihamishiwe kwenye nyingine.

Tahadhari kuhusu friza: jini yenye kilevi cha asilimia 40 haigandi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, lakini Negroni iliyokwisha kuongezwa maji imeshuka hadi karibu asilimia 20 na inaweza kuanza kufanya chembechembe za barafu. Mtoa mada amefanya vyema kuiweka kwenye jokofu la kawaida.

Ndimu Tatu
Kwa wapenzi wa daikiri na jamaa zake wote wa ndimu, ushauri wangu ni mfupi: tangulizeni ramu na shira ya sukari, maji ya ndimu yasubiri. Ramu na shira hukaa pamoja bila tatizo, lakini ndimu iliyokamuliwa jana huwa imepoteza ule ukali wake mchangamfu na kuacha uchungu. Hukamua alasiri ya siku yenyewe, nikachuja, nikafunika na kuweka kwenye baridi. Pimeni maji ya ndimu kwa mililita, msihesabu ndimu, maana moja hutoa maji maradufu ya mwenzake.

Bakuli Kubwa
Ndimu Tatu, ipo njia moja ya kuifanya ndimu idumu, nayo ni panchi ya maziwa. Pombe, sukari na maji ya limau huunganishwa na maziwa ya moto; maziwa hukatika, mabonge huchujwa polepole kwa kitambaa, na kinachobaki ni kinywaji kiangavu kinachohifadhika kwa muda mrefu. Si jambo geni: Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alimwandikia rafiki yake James Bowdoin maelekezo ya panchi hiyo mwaka 1763. Uchujaji unachosha, sitaficha, lakini unafanyika siku nyingi kabla ya karamu.

Kwa panchi ya bakuli, gandisheni bonge moja kubwa la barafu, kwa sababu huyeyuka taratibu kuliko vipande vidogo vya uzito uleule. Soda na divai ya mapovu viongezwe mbele ya wageni, vikiwa baridi tayari. Majani ya mnanaa nayo yasilale ndani ya jagi, kwani hugeuka meusi.

Sinywi
Naomba tusisahaulike. Juisi tupu ya matunda si kokteli, ni utamu mtupu. Chai nyeusi nzito iliyopoa, tangawizi, limau na shira kidogo hutoa kinywaji chenye ukakasi unaofanana na wa pombe, na chai yenyewe inaweza kuandaliwa jana. Chupa zote ziandikwe, kwa sababu zikiwa ndani ya jokofu moja rangi hazisemi kipi kina kilevi.

Jioni Njema (mtoa mada)
Ahsanteni. Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu masalio: Negroni iliyobaki nairudisha kwenye jokofu ikiwa imefungwa vizuri, nayo hukaa wiki kadhaa. Chupa ya vemuthi iliyofunguliwa nayo ikae humo humo, kwa kuwa asili yake ni divai na huchacha ikiachwa kabatini. Daikiri iliyokwisha kutiwa ndimu inywewe usiku uleule.